Rahisi

Alikuja Keko na patasi kumi na mbili
zimeviringishwa kwenye ngozi kama watoto wachanga,
na neno moja la Kiswahili alilofundishwa ndegeni:
rahisi.

Jina lake Matiyazi, au kitu kama hicho;
kwao huliandika na kialama juu ya herufi ya mwisho,
sisi tukakiacha forodhani.
Akapanga banda la marehemu Chande,
nyuma ya wauza sponji za makochi,
akalipa kodi ya mwaka bila kuuliza mara ya pili.
Dalali akapotea siku tatu kwa furaha.

Kwa simu aliwaambia wateja wa Masaki:
"Hapa kazi rahisi. Rahisi sana."
Alimaanisha bei.
Sisi tukasikia vingine.
Mwinyikondo, mwenye vidole vinane na nusu,
akaweka msumeno chini, akamtazama
kama mtu anayepima ubao uliopinda.
"Rahisi?"
Akampa randa na kipande cha mkongo,
ule wa kusini, usiokubali kuongozwa.
"Haya."

Banda zima likanyamaza. Hata redio,
maana LUKU ilikuwa imeisha.

Akaranda.
Mungu nisamehe, nilitaka ashindwe.
Ukatoka utepe wa mbao, mmoja, mrefu,
ukashuka mpaka kwenye kiatu chake bila kukatika.
Mwinyikondo akauokota, akauinua kwenye mwanga,
akasema kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni la zamani:
"Huyu fundi."

Mimi nilishika daftari, hesabu zake nazijua.
Mshahara wa fundi mmoja wa kwao
hapa unalisha tisa, na mama wa chai juu yake.
Elfu kumi na nane kwa siku, Jumamosi nusu.
Sikuandika uwongo, wala hakuniomba niandike.

Jioni moja ya masika, paa linavujia kwenye gundi,
nikamuuliza: kwenu hakuna misitu?
Akajibu kwa Kiswahili chake cha misumari iliyopinda:
"Kwetu mbao iko. Mkono yangu pesa nyingi.
Pesa nyingi, nyingi, mpaka hakuna mtu nunua.
Watu nenda duka, nunua kabati ya karatasi."
Akafungua viganja juu ya meza
kama bidhaa zilizorudishwa.
Nikatazama vya kwangu.
Sikumwambia kitu.

Halafu ile milango ya hoteli, kumi na sita.
Mwinyikondo alisema acha nafasi,
yeye akasema mlango mzuri hauachi nafasi,
akaibana kama walivyobana kwao, kwenye baridi kavu.
Aprili ikanywa maji, ikanenepa.
Mgeni mmoja akalala bafuni mpaka alfajiri.
Yote ikarudi na kirikuu, safari tatu,
tena kwa gharama zetu.

Mwinyikondo hakusema si nilikwambia.
Alitoa mfukoni sarafu ya mia mbili,
akaisimamisha kati ya mlango na fremu,
akaitembeza juu, chini, pembeni.
"Masika yanakaa hapa," akasema.

Matiyazi akaniita. "Andika."
Niandike nini?
"Hiyo. Bei ya hiyo."

Safu ilikuwa imejaa: gundi, msasa, bawaba,
dizeli, watu tisa.
Nikamgeukia Mwinyikondo.
Miaka thelathini na moja ya ufundi,
na swali hilo hakuwahi kuulizwa.
Akakuna shavu kwa kile kidole cha nusu.
"Sijui. Ngoja nikalale nalo."

Kesho yake hakuja.
Keshokutwa akaja na karatasi,
kaandikiwa na bintiye Zamoyoni, mistari imenyooka.
Matiyazi akaisoma mara mbili, akawa mwekundu,
akacheka, au akakohoa; vumbi lilikuwa jingi.
Kisha akanipa chaki,
nimwandikie ukutani kinyume cha rahisi.

Yapo mawili, nikamwambia.
Unataka lipi?

Nje kirikuu kilikuwa kinapiga honi,
na milango bado hatujapakia.